Shangazi, testi moja inasema salfa imesaidia, nyingine inasema haijafika, mi nifuate ipi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Newala, naomba jina langu lisitoke kabisa maana supavaiza wangu ni mtu wa kusoma soma na huku kwetu watu tunajuana. Mimi ni binti, nasoma shahada ya pili ya kilimo, utafiti wangu niliufanyia huku huku nyumbani kwenye mikorosho. Nilitaka kujua kati ya salfa ya unga na dawa ya maji ipi inamsaidia mkulima zaidi kwenye ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua ya mikorosho, nikaweka na miti isiyopuliziwa kitu ili niwe na cha kulinganishia.

Mashamba yalikuwa matano, mengine Newala mengine Tandahimba, na moja ni la mjomba wangu. Kila shamba tuligawa vipande vitatu, kimoja salfa, kimoja dawa ya maji, kimoja hakikuguswa, na kwenye kila kipande nikapima miti 8. Kwahiyo kila kundi lina miti 40, jumla miti 120. Wenye mashamba walinipokea vizuri sana hawakunidai hata senti, na wao ndo walionionyesha kipande kipi kipuliziwe nini. Msimu wa kuokota ulipofika tukawa tunapima kilo za korosho ghafi mti kwa mti mpaka tukamaliza.

Sasa Shangazi shida imeanzia kwenye laptopu. Nilipolinganisha salfa na miti isiyopuliziwa kwa t-testi, ile inayolinganisha wastani wa makundi mawili, p ikaja 0.03, yani ile namba ya kuonyesha kama tofauti ingeweza kuwa bahati tu, na wengi wanaikubali ikiwa chini ya 0.05. Supavaiza akafurahi akasema hapo umemaliza, andika. Ila kuna kaka mmoja wa steshenari hapa mjini anachambuliaga wanafunzi data zao, alipoziona zangu akasema we dada hizi data haziko normali, yani hazijajipanga kwa umbo la kengele, miti mingi imetoa kilo 3 mpaka 12 afu michache imetoa zaidi ya 30 na mingine imetoa sifuri, t-testi hairuhusiwi hapa, tumia Mann-Whitney. Tukaiweka ikaja 0.08. Nikaishiwa nguvu. Akaniambia usijali, kuna miti mitatu ya salfa iliyotoa sifuri, ukiitoa hiyo p inashuka mpaka 0.04, chagua wewe. Na mwanafunzi mwenzangu naye anasema wote wawili wamekosea, makundi yakiwa matatu lazima iwe Anova au Kruskal-Wallis, testi zinazopima makundi yote kwa pamoja.

Yani nimebaki katikati. Supavaiza ndo anayesaini, nikimwambia testi yake siyo naonekana najua kuliko yeye. Mjomba ndo kanisomesha kwa hela za korosho, kila jioni ananiuliza vipi mama, salfa yetu imeshinda? Na chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima tunaouzia korosho, wameshaniomba nije niwaambie matokeo kwenye mkutano. Nikisimama pale nikasema salfa haifanyi kazi watanicheka, na nikisema inafanya kazi huku moyoni najua kuna namba nyingine nimeificha sitolala. Naomba nisaidie Shangazi, testi sahihi ni ipi hapa? Na nikishaijua nifanyeje na hawa watu?

Binti wa Newala

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma taratibu, na kitu cha kwanza kilichonigusa ni kwamba hukuniuliza ufanyeje ili p ishuke. Una supavaiza anasema t-testi, kaka wa steshenari anasema Mann-Whitney, mwenzio anasema Anova, na wote watatu wanakupa jina la testi kabla hajakuuliza mtu hata mmoja unataka kujua nini na miti uliipataje. Mi naomba tuanzie huko, maana testi huwa inatoka kwenye swali na kwenye namna data zilivyokusanywa, p inakuja mwisho kabisa.

Tuanze na hilo la normali kwasababu naona ndo limekunyima raha. Ni kweli t-testi ilizaliwa kwa kudhania vipimo vimejipanga kwa umbo lile la kengele, aliitoa William Gosset mwaka 1908, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, shida yake ilikuwa sampuli ndogo ndogo, na aliichapisha kwa jina la Student. Lakini kinachotakiwa kukaa vizuri hasa ni wastani, na wastani wa vipimo 40 mara nyingi unatulia hata kama vipimo vyenyewe vimelalia upande mmoja, ingawa kama hiyo miti ya kilo 30 ni michache sana na ni mizito sana hapo kweli unaweza kuyumba. Kwahiyo kusema "hairuhusiwi" ni kuikazia mno. Na hata zile testi za kupima unormali, Shapiro-Wilk na wenzake, zina tabia ya kunyamaza sampuli ikiwa ndogo na kupiga kelele kwa kasoro ndogo tu sampuli ikiwa kubwa, usiziache ziamue peke yake. Kama wasiwasi wako ni kwamba kundi moja limetawanyika kuliko lingine, ipo t-testi ya Welch ambayo haidai mitawanyiko ilingane, kwenye programu nyingi inatoka hapo hapo kwenye jibu la t-testi, mstari wa pili.

Sasa Mann-Whitney. Watu wanaichukulia kama t-testi ya data mbovu, mi naona siyo sawa kwasababu inauliza swali lingine. Yenyewe inapanga vipimo vyote kwa nafasi, wa kwanza wa pili wa tatu, afu inauliza: nikichukua mti mmoja wa salfa na mmoja ambao haukupuliziwa, wa salfa unaelekea kuzidi? Mti wa kilo 31 na mti wa kilo 60 kwake ni nafasi tu zilizofuatana. Fikiria mjomba wako sasa. Anapopeleka mzigo chama cha msingi mizani haihesabu nafasi, inahesabu kilo, na kilo za shamba zima ni wastani mara idadi ya miti. Ile miti michache mikubwa ambayo Mann-Whitney inaipunguzia sauti inawezekana ndo inayolipa ada yako. Kwahiyo kama swali lako ni "mkulima atapata kilo zaidi?" wastani una maana sana kwako. Kama swali ni "mti wa kawaida unafaidika?" basi nafasi zinakujibu vizuri zaidi. Kwahiyo hizo 0.03 na 0.08 zako hazigombani kihivyo, inawezekana zinakuambia faida ya salfa imekaa zaidi kwenye miti michache mikubwa, na hilo lenyewe ni tokeo la kuandikwa.

Na mwanangu, 0.08 haisemi salfa haifanyi kazi. Inasema tofauti ya namna hii au kubwa zaidi ingeweza kujitokeza kwa bahati kama mara 8 kwenye 100 hata kama salfa haina lolote. Huo mpaka wa 0.05 ulienea sana kupitia kitabu cha Ronald Fisher cha mwaka 1925, yeye alisema ni mpaka unaofaa kufanyia kazi, haukushushwa kutoka mbinguni. Kati ya 0.03 na 0.08 hakuna ukuta.

Mwenzio wa Anova ana hoja pia. Makundi matatu yanatoa jozi tatu, na ukipima kila jozi kwa 0.05 nafasi ya kudanganyika angalau mara moja inapanda kutoka 5 mpaka karibu 14 kwa 100. Ndo maana watu wanaanza na Anova, au Kruskal-Wallis kwa upande wa nafasi, afu wanashuka kwenye jozi kwa marekebisho kama ya Tukey. Lakini kama tangu mwanzo, kwenye pendekezo lako la utafiti, uliandika kwamba jozi unayoitaka ni moja tu, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye hiyo jozi. Rudi ukasome uliandika nini kabla ya kwenda shamba.

Hapo nimepita haraka, kwasababu kinachonisumbua zaidi hakuna aliyekutajia. Wote wanahesabu miti 40. Ile miti 8 ya kipande kimoja imekaa udongo mmoja, imepata mvua moja, palizi ya mtu mmoja, pengine na mbegu zilitoka sehemu moja. Ni kama unataka kujua kijiji kinakula nini afu unaingia nyumba moja unauliza watoto wanane wa mama mmoja, umepata majibu manane lakini nyumba ni moja. Dawa haikugawiwa mti kwa mti, iligawiwa kipande kwa kipande, kwahiyo kwa upande wa dawa wewe una mashamba matano. Kosa hili limetajwa siku nyingi, Stuart Hurlbert aliliandikia makala ndefu mwaka 1984 kwa wanaikolojia na bado linarudi kila mwaka kwenye tasnifu. Likiwepo, t-testi na Mann-Whitney zote mbili zinaweza kukupa p ndogo kuliko inavyostahili, kwasababu zote zinaamini kila mti unajitegemea.

Habari nzuri ni kwamba mpango wako wenyewe ni mzuri kuliko unavyodhani. Kila shamba lina dawa zote tatu ndani yake! Hizo ndo bloku alizozipigania Fisher alipokuwa kwenye mashamba ya majaribio ya Rothamsted kule Uingereza, Anova yenyewe imekulia shambani. Maana yake huna haja ya kulinganisha shamba la Tandahimba na la Newala, unalinganisha salfa na jirani yake ndani ya shamba lile lile, tofauti za udongo wa shamba na shamba zinajiondoa zenyewe.

Ukikubaliana na hilo zipo njia kadhaa na kila moja ina bei yake. Unaweza kuchukua wastani wa kila kipande, ukabaki na namba 15, ukafanya Anova ya bloku. Ni safi, inaelezeka hata kwenye mkutano, ila programu itakuonyesha namba chache na inatia hofu kwa mtu aliyepima miti 120 kwenye jua. Miti haijapotea lakini, imefanya kila wastani uwe wa kuaminika zaidi. Kwa jozi moja unaweza kufanya t-testi ya jozi kwa tofauti tano za mashamba matano. Kama unataka nafasi kuna testi ya Friedman, ya yule Milton Friedman mchumi, aliitoa 1937, inapanga dawa tatu ndani ya kila shamba. Ila ukitaka Wilcoxon ya jozi, testi nyingine ya nafasi, kwa mashamba matano nakutahadharisha, hata salfa ikishinda mashamba yote matano p ndogo kabisa unayoweza kupata kwa pande mbili ni 0.0625, kwasababu kila shamba salfa inaweza kuzidi au kuzidiwa, kwahiyo ipo mipangilio 32 tu ya jumlisha na kutoa, na miwili ndo ya pembeni kabisa, jumlisha zote au kutoa zote. Mtu asiyejua hilo atasema salfa imeshindwa wakati testi yenyewe haikuwa na uwezo wa kusema ndiyo.

Njia nyingine ni modeli ya mchanganyiko, unaweka miti yote 120 afu unaiambia programu mti huu uko kipande hiki na kipande hiki kiko shamba hili. Wengi watakushauri hiyo na ni nzuri, ila mashamba matano ni machache kwake, na kama huwezi kuielezea mbele ya wasahihishaji itakutoa jasho. Pima mwenyewe.

Hapa naomba nikuulize jambo kwa upole. Umesema wenye mashamba ndo walioonyesha kipande kipi kipate nini. Walichaguaje? Maana mkulima mwenye akili yake akiambiwa salfa ya bure inakuja, anaweza kuielekeza kwenye miti yake mizuri, na kile kipande cha miti mizee iliyochoka ndo akasema basi hiki msikipulizie. Sisemi walifanya hivyo, inawezekana walionyesha tu pale palipo karibu na njia. Lakini kama walichagua kwa uzuri wa miti hakuna testi duniani itakayoliondoa hilo, si Mann-Whitney si Anova. Kinachoweza kusaidia kidogo ni kumbukumbu za msimu uliopita za vipande vile, kama mjomba na wenzake wanazikumbuka au wameziandika, uone kama kipande cha salfa kilikuwa kinaongoza tangu zamani. Na ile salfa ya unga unaijua, hata ikipuliziwa alfajiri kabla upepo haujaamka, vumbi linasafiri. Kama kipande kisichopuliziwa kilikuwa kimepakana nacho bila mistari ya miti katikati, inawezekana kilipata salfa yake kimya kimya, na tofauti uliyoipima ikawa ndogo kuliko ya kweli. Haya mawili yanavuta pande tofauti na yote yanastahili aya kwenye ripoti yako.

Ile miti mitatu ya sifuri ndo roho yangu inakataa kuipita haraka. Ubwiriunga kazi yake ni kuua maua machanga, ua likifa hakuna korosho, kwahiyo sifuri inaweza kuwa ndo ugonjwa wenyewe unaongea. Ukizitoa umetoa sehemu ya kitu ulichokwenda kupima, tena upande wa salfa tu. Fungua daftari lako la shamba, kama siku ile uliandika mti umekatika au korosho zimeokotwa na watu usiku, una sababu iliyokuwepo kabla ya p, na utaitumia kwa makundi yote matatu sawa sawa. Kama daftari halisemi kitu, sababu ya kuutoa mti itakuwa ni ile 0.04, na ukijaribu njia nne ukachagua inayokupendeza hiyo namba haimaanishi tena inachosema. Nadhani unalijua hilo ndo maana umeandika usingizi utakukimbia.

Kuhusu supavaiza. Umeweka kama kuna njia mbili, ukubali au umpinge. Wazee wetu wengi wa vyuoni hawapendi kuambiwa umekosea ila wanapenda kuulizwa. Jaribu kufikiria kumwendea na grafu badala ya testi: weka dawa tatu chini, kilo pembeni, afu kila shamba liwe mstari wake, mistari mitano. Mwambie, "Mwalimu naomba unisaidie, nimeona miti ya kipande kimoja inafanana sana, wasahihishaji wakiniuliza kama inajitegemea niwajibu nini?" Hapo hujagusa testi yake, umeleta swali ambalo na yeye lazima alijibu, na kama mistari mingi inapanda upande wa salfa wote mtaona hata kabla ya p. Kama unaopanda ni wa shamba moja tu, tena la mjomba, hilo nalo mtaliona. Anaweza kukubali, anaweza kusema muda umeisha tuweke t-testi mbele na hiyo nyingine kwenye viambatisho. Kuziweka zote mbili waziwazi kuna hatari ya kuulizwa maswali mengi siku ya utetezi. Kuweka moja tu kuna hatari ya kuulizwa swali moja ambalo huna jibu lake. Wewe ndo unamjua yeye na unajijua wewe, sitakuchagulia.

Ukipenda kupata macho mengine kabla ya kumwona, kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele kiko hapo hapo mkoani kwako, pale wamefanya majaribio ya mikorosho miaka mingi, hawawezi kushangaa kuona miti ya kilo sifuri na miti ya kilo 30 kwenye shamba moja. Na ikumbuke hiyo pia ukiwa umebeba huo mzigo kichwani: salfa haikuanza kupimwa na wewe, imetumika kwenye ubwiriunga kusini huku kwa muda mrefu. Kazi yako inaongeza mashamba matano na msimu mmoja kwenye yanayojulikana, haihukumu salfa peke yake.

Na hiyo ndo inanifanya nione mkutano wa chama cha msingi siyo mgumu kama unavyouogopa. Wakulima hawataki p. Wanataka kujua mti umeongeza kilo ngapi, na kama hizo kilo zinalipa gharama ya salfa na ya mpuliziaji. Tuseme kwa mfano wastani umeongezeka kilo 2 kwa mti, na mipaka ya uhakika, yani pale faida ya kweli inapoweza kuwa, inaanzia hasara ya nusu kilo mpaka faida ya kilo 4 na nusu. Unaweza kuwaambia hivyo hivyo: kwenye mashamba yetu matano msimu huu mti uliopata salfa ulizidi kwa kilo 2 hivi, inawezekana faida ya kweli ni kubwa kuliko hapo, inawezekana ni ndogo sana au haipo kabisa, mashamba yalikuwa machache. Mtu anayekaa na mvua isiyotabirika na bei ya mnada inayobadilika kila wiki anaielewa sentensi kama hiyo. Mjomba anaweza kukununia kidogo jioni ile, au anaweza kuwa wa kwanza kukuuliza msimu ujao tuongeze mashamba mangapi, wewe unamjua.

Anza na ile grafu ya mistari mitano, kabla hujafungua testi nyingine yoyote. Ukiichora nitumie kama utapenda tuitazame wote, na jina lako halitatoka.

Shangazi